Mjerumani Asiyekaa Kitako

Salma, wewe na wenzako mlioachiwa funguo zangu, mmenishika niandike ya kazini. Mimi skuli yangu iliishia darasa la nne, na chuoni, chuo cha Kurani, nilihitimu kwa bakora. Basi mtasoma kama ninavyosema. Nikipotea njia nisubirini hapo hapo, nitarudi.

Nimestaafu, lakini miguu yangu haijapata habari. Asubuhi naamka, nakwenda mlangoni, navuta kitasa kuona kama umefungwa, kumbe ni mlango wa nyumbani kwangu. Birika likianza kuunguruma jikoni nanyanyuka nikidhani ni boila. Binti yangu Rukia ananiambia kwa Kiingereza chake, "Baba, kaa chini." Nakaa. Nikishakaa nasikia maji yanapita kwenye bomba la jirani wa juu, nanyanyuka tena. Kukaa ni ufundi, na mimi sikuusomea.

Kazi hii ya kutunza jengo niliianza Kilburn, hapa London, miaka ya tisini mwanzoni, kwenye kile kituo cha masomo ya watu wazima. Jengo la matofali mekundu, zamani lilikuwa skuli ya watoto, ndiyo maana misumari ya kutundikia makoti iko chini na watu wazima wote wanainama. Usiwacheke. Aliyenipokea ni Dermot, Mwairishi mmoja mwembamba, amebakisha muda kidogo astaafu. Siku ya kwanza hakuniruhusu kugusa kitu. Alinishusha ngazi mpaka chumba cha boila, ule mtambo wa kuchemsha maji ya kupasha jengo joto, akanikalisha kwenye kiti chake kilichopasuka ngozi, akasema, "Sikiliza."

Nikasikiliza. Nikamwambia, "Linaunguruma."

"Hata simba anaunguruma. Huyu bibi anasema nini?"

Boila alimwita bibi. Alinifundisha hivi, na mimi nawapa kama nilivyopewa: akikohoa, mpe maji, akiguna, mtolee hewa, akinyamaza, toka mbio. Redieta za ukutani, zinamopita maji yake ya moto, unazitoa hewa kuanzia ghorofa ya chini kwenda juu, na kitambaa mkononi, na ukiona maji yameanza kutoka funga, usisubiri yakuambie. Sakafu unapiga deki kuanzia kona ya mbali unarudi mlangoni. Nimeona watu wazima, wana vyeti, wamejizungushia maji wenyewe wanasubiri yakauke kama kuku kisiwani.

Nilikuwa nataka kusema habari za Mjerumani. Ngoja kwanza niseme habari za Wajerumani wengine, maana bila hao hamtaelewa.

Nilipokuwa kijana Unguja, baada ya mapinduzi, walikuja Wajerumani wa upande wa mashariki kutujengea yale majumba marefu ya Michenzani. Nami nilibeba zege pale. Msimamizi wetu alikuwa na neno moja tu tulilolijua, "Shnela! Shnela!" yaani haraka. Tulilichukua tukalipeleka mitaani. Mke akichelewesha chai anaambiwa shnela. Punda anaambiwa shnela. Kisha mambo ya kwetu yakawa yale yanayojulikana, nikatoka, na hilo neno nikatoka nalo.

Sasa. Asubuhi moja ya Jumamosi, baridi ya kukata masikio, napita ukumbini namwona mzee mrefu mwenye koti la kijivu anahangaika na mkoba, karatasi zimemwagika, na nyuma yake wanafunzi wanangoja mlangoni. Neno likanitoka lenyewe: "Shnela, bwana, shnela!"

Yule mzee akageuka kama aliyeitwa na marehemu.

"Umejifunza wapi?"

"Kwetu Zanzibar. Nikiwabebea zege watu wa kwenu."

"Wa kwetu wa upande gani?"

"Wa mashariki."

Akaokota karatasi moja, akaitazama, akairudisha chini. "Basi mimi na wewe tumefanya kazi kwa serikali moja, Bwana Khamis," maana jina langu lilikuwa kifuani, "na serikali yenyewe imeshakufa, na sisi tuko Kilburn."

Huyo ndiye Mwalimu Vogel. Alikuwa akifundisha Kilatini.

Nilimchukia kwa majira ya baridi mazima, nasema kweli. Mtu yule hakai kitako. Akifundisha anatembea, kutoka dirishani mpaka ubaoni, ubaoni mpaka dirishani, mpaka sakafu yangu niliyoipiga dawa ya kung'arisha ikafanya njia kama njia ya mbuzi. Na kila akifika dirishani anafungua. Mimi huku chini naingiza moto, yeye huko juu anautoa. Nikapanda.

"Mwalimu, Waingereza wanalipia joto hilo."

"Watu wakipata joto wanalala."

"Na wakipata baridi wanakufa."

"Bado hajafa mtu kwenye darasa langu, Bwana Khamis. Wanaondoka tu."

Hilo neno, wanaondoka tu, alilisema akiwa amenipa mgongo. Nikafunga dirisha. Nilipofika ngazini nikasikia limefunguliwa.

Urafiki wetu uliletwa na kutu. Redieta ya chumba chake iliziba, nikamwambia asubiri kwangu chini huku naitengeneza, nikampa chai ya tangawizi. Hakukikalia kiti cha Dermot. Alimzunguka boila na kikombe mkononi, na huku anazunguka akanihadithia maisha yake, na kwa Jumamosi nyingi baada ya hapo akawa anashuka kumalizia.

Baba yake alikuwa msagaji. Si wa mashine, wa kinu cha maji: mto unapita, unasukuma gurudumu kubwa la mbao, gurudumu linazungusha jiwe, jiwe linasaga ngano. Mtoto alilala akisikia gurudumu na akaamka akisikia gurudumu. Akaenda chuo kikuu kusoma Kilatini na Kiyunani, akaandika utafiti wake, mmojawapo kuhusu namna watu wa kale walivyosoma vitabu. Walitaka kumpa kazi pale pale chuoni, lakini kulikuwa na chama cha kujiunga, na yeye hakujiunga. Basi akapelekwa skuli ndogo ya mji mdogo.

"Nilishukuru," akaniambia. "Nilidhani watoto hawana chama."

Huko akatunga kitabu cha kufundishia. Hakipo dukani, msikitafute. Kitabu chote ni habari ya msagaji mmoja na kinu chake, kuanzia asubuhi maji yanapokuja mpaka mwisho wa maisha yake gurudumu linaposimama, na mtu akikimaliza anajua Kilatini. Wachapaji wa serikali ile ya kijamaa walikikataa, wakasema msagaji ana mali yake binafsi. Akakipiga taipu mwenyewe, nakala kwa nakala. Akaanza kukifundisha. Darasa halijafika nusu, skuli ikafuta Kilatini, yeye akapewa jiografia na kusimamia watoto wakivuna viazi. Miaka ikapita, kikarudi, akaanza na darasa jipya. Wamefika karibu na nusu, ukuta wa kule uliogawa nchi yao ukavunjwa, serikali ikabadilika, wakaja wakubwa wapya na maswali yao: wewe ulifundisha kwa wale? Alifundisha kwa wale, angefundisha kwa nani? Akarudishwa nyumbani na darasa akapewa kijana mwenye kitabu cha rangi.

"Kwa hiyo hicho kitabu hakuna aliyekimaliza?" nikamuuliza.

"Hakuna darasa lililofika hata somo la jioni."

Mkewe akafa. Binti yake ameolewa huku, akamleta. Alikuja London na mkoba ule niliouona umemwagika, na mkobani hakuna kitu kingine ila msagaji. Nikaelewa kwa nini hakai. Anakaaje mtu ambaye kila akifika katikati anaondolewa?

Sasa yamsibu tena. Mkuu wa kituo alikuwa bibi mmoja, Maureen, mwanamke wa haki, mwenye mafua ya kudumu. Akaniita ofisini nitazame dirisha lake, na huku natazama akasema, "Khamis, darasa la Kilatini halina watu. Wasipoongezeka kufikia Krismasi nalifunga."

Mimi si mtu wa kuingilia. Lakini siku ile nilipotoka kazini sikwenda nyumbani, nilikwenda dukani kwa Sefu.

Sefu ni Mpemba, ana duka la mchele na dengu na kadi za simu, na Jumamosi watu wa kwetu walikuwa wakikutana chumba cha nyuma, wanacheza dhumna na kuurudisha utawala wa Zanzibar kwa maneno. Nikawaambia kuna mwalimu anataka wanafunzi, na wazee wanasoma bure.

"Anasomesha nini?" akauliza Sefu.

"Kilatini."

Dhumna zikasimama. "Yakhe Khamis, umeritadi? Hiyo si lugha ya kanisani?"

"Ni habari ya msagaji wa unga."

"Na nani anaisema?"

"Hakuna. Wamekufa wote."

"Basi tukijifunza tutazungumza makaburini."

Watu wakacheka mpaka wakakohoa. Aliyewanyamazisha ni Bi Zuwena, mke wa marehemu Mzee Abeid, aliyekuwa amekuja kununua mbaazi. Bi Zuwena alifua mashuka ya hospitali mpaka mikono ikapinda, na mdomo haukupinda. "Unga nao una dini, Sefu? Mbona unauza? Miaka yote hii nimesomeshwa Kiingereza cha kujazia fomu. Nataka kusoma kitu kisichoniuliza tarehe ya kuzaliwa." Akanigeukia. "Huyo mwalimu ni mkali?"

"Hakai kitako."

"Basi mwalimu huyo."

Akaja, akaja na mashoga zake. Wanaume nao wakaona haya, wakafuata. Sefu alikuja wa mwisho, akasema amekuja kutazama tu. Nami nikajiandikisha, nikawa nakaa karibu na mlango na funguo zangu mapajani. Maureen akatazama darasa kupitia kioo cha mlango, akapenga kamasi, akaenda zake. Krismasi ikapita.

Nije kwenye ile siku ya kelele. Walikuwemo na Waingereza, wachache, mmoja Joan, nesi mstaafu, mwenye daftari safi. Mwalimu Vogel akasema, "Someni wenyewe somo lenu, halafu nitawauliza." Joan na wenzake wakainamisha vichwa kimya. Wa kwetu je? Mtu wa kwetu ukimwambia asome anajua kusoma kumoja. Bi Zuwena akakaza mtandio, akaanza kuyumba mbele na nyuma, akapaaza sauti: "Aqua venit! Rota vertitur!" Maji yanakuja, gurudumu linazunguka. Shoga yake alikuwa nyuma kwa masomo mawili kwa sababu ya goti, akapaaza la kwake. Sefu la kwake. Kila mtu mahali pake na somo lake, wote kwa pamoja, kwa sauti, kama chuoni. Na mimi nilijikuta nimo, nayumba, funguo zinalia. Ukipita nje ungedhani Kilburn imeota madrasa.

Joan akatazama mlango wa dharura.

Mwalimu Vogel alikuwa dirishani. Akasimama pale, kweli amesimama, hatembei. Nikasema sasa basi, anatufukuza. Kisha akaja taratibu katikati ya viti, ameinamisha sikio, anamsikiliza huyu huku anamsahihisha yule, hamsimamishi mtu. "Venit," akamwambia Sefu, "si venet." Akasogea. Kama Maalim wangu wa Malindi ya Unguja, mnasoma watu mkeka mzima na kosa lako moja analisikia akiwa nje anatawadha.

Tulipomaliza akawa anafuta miwani. "Niliandika utafiti mzima kuthibitisha kwamba watu wa kale walisoma kwa sauti," akasema. "Sikuwahi kuwasikia."

Tangu siku ile ikawa ndiyo desturi. Joan naye akaanza, kwa sauti ndogo kama anayeomba radhi, halafu kubwa, halafu ikawa huwezi kumnyamazisha.

Ila jirani yetu, chumba cha pili, lilikuwa darasa la kupumua. Kupumua, Salma. Watu wamelala chali mikekani wanafundishwa kuvuta pumzi na kuitoa. Hao wakalalamika, na wana haki, maana huwezi kutulia msagaji wa watu wengi namna ile anakusagia ukutani. Na kompyuta nazo zilikuwa zinakuja, na chumba chetu ndicho chenye soketi. Maureen akamwita Mwalimu Vogel, akamwambia darasa linakwisha Pasaka.

Nilimkuta barabarani, hana kofia, anapanda Kilburn High Road, akifika stesheni anageuka, anashuka. Nikapanda naye, nikashuka naye.

"Mwalimu, tutazungumza na Maureen."

"Maureen hana kosa. Hata wale wa viazi hawakuwa na kosa, viazi vilikuwepo kweli." Akageuka tena. "Mimi nimezoea, Bwana Khamis. Mimi ni mwalimu wa nusu kitabu."

Nikampelekea Bi Zuwena habari hiyo nikidhani atalia. Alikuwa anachambua mchele. "Chuo kwani ni chumba?" akasema. "Mimi nimesoma uani kwa mtu, mvua ikinyesha tunahamia jikoni. Wewe huna funguo?"

Funguo ninazo. Chumba cha boila ni changu, kina nafasi ya mkeka na viti vibovu, na bibi anaunguruma kiasi kwamba hata tukichinja ng'ombe hakuna atakayesikia juu. Lakini sikutaka kuiba, nikaenda kwa Maureen.

"Jumamosi nitakuwa chini na boila," nikamwambia. "Atapiga kelele kidogo."

Akaishusha leso yake. "Kelele za namna gani?"

"Za zamani."

Akapenga. "Boila zikizeeka zinataka watu," akasema. "Mhudumie. Na mlango wa dharura uwe wazi."

Tukahamia. Tabu ya kule chini hakuna dirisha. Mwalimu Vogel alivua koti, akavua sweta, akawa hana pa kwenda ila kumzunguka boila, na sisi tumekaa pembeni, naye anapita kwa yule anarudi kwa huyu, mzunguko baada ya mzunguko. Tulivuka ile nusu. Tulipoivuka alimzunguka bibi mara ya ziada. Tukaingia masomo ya mchana, tukaingia ya jioni. Msagaji akaoza watoto, akazeeka.

Halafu tukakwama, na aliyekwamisha ni yeye. Limebaki somo moja tu, kila Jumamosi anasema, "Leo marudio." Turudie harusi. Turudie mafuriko. Mara kikohozi, mara amesahau karatasi, yeye! Watu wakaanza kunong'ona. Bi Zuwena hakunong'ona.

"Mwalimu, unatuzungusha."

"Msingi haujawa imara, Bi Zuwena."

"Msingi wangu una miaka sitini na kitu. Somo la mwisho unatunyima kwa nini?"

Alisimama nyuma ya boila, tunamwona kichwa tu. "Nimelitafuta maisha yangu yote," akasema. "Nikishalimaliza, Jumapili nitaamka nifanye nini?"

Mimi swali hilo nalijua sasa kuliko nilivyolijua siku ile.

Bi Zuwena akaikunja karatasi yake. "Jumamosi ijayo tunahitimu," akasema. "Uje umeoga."

Wakaja na halua, na buli la kahawa, na chetezo cha udi, na mrashi wa marashi ya mawaridi. Mwalimu Vogel akashuka ngazi, akanusa ule moshi, akasimama. "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, Mwalimu," Sefu akamwambia. "Kwetu watu wakikimaliza kitabu, mwalimu anatukuzwa. Hebu kaa."

"Nitasimama tu."

"Hakuna mwalimu anayetukuzwa kasimama," akasema Bi Zuwena. "Kaa!"

Akakaa. Kiti cha Dermot kikapiga kelele. Joan akamfukiza udi, Sefu akammwagia marashi mpaka miwani ikalowa, na yule mzee amekaa wima, mikono magotini, kama mtoto wa siku ya kwanza.

Bi Zuwena akasoma somo la mwisho, peke yake, maana hilo ni la mmoja. Msagaji ni mzee. Watoto wameondoka. Jioni anakwenda mtoni, anashusha ule ubao unaozuia maji. Anangoja. Bi Zuwena alilisoma bila ya kosa, akafika kwenye maneno mawili ya mwisho. Rota stat. Gurudumu limesimama.

Mwalimu Vogel akavua miwani. Akafungua mdomo, nadhani alikuwa na hotuba. Mzee mzima ameingoja hotuba hiyo toka ujana wake.

Bi Zuwena hakumtazama. Alilowesha kidole, akazifunua karatasi kurudi nyuma, nyuma, mpaka ya kwanza, akakaza mtandio. "Aqua venit!" Na watu wote wakadakia, "Rota vertitur!" mkeka mzima, na Joan, na mimi na funguo zangu.

Mwalimu akaniinamia sikioni. "Wanafanya nini?"

"Wanaanza."

"Nani amewaambia waanze?"

"Hakuna, Mwalimu. Ndivyo kitabu kinavyomalizwa. Chuoni ukifika aya ya mwisho hufungi Msahafu, papo hapo unasoma ya mwanzo, ndipo unapoambiwa umehitimu."

Alikaa kidogo, marashi yanamtiririka kwenye kola. Kisha kiti kikalia, akanyanyuka, akaanza kumzunguka boila, sikio ameliinamisha.

"Venit," akamwambia Sefu. "Si venet."